Mama mdogo yuko ng'ambo, mtoto yuko Kisauni: kwa nini makaratasi ya kuasili hayaishi

Hali hii twaijua. Mama wa mtoto amefariki, baba alishatangulia au hajulikani aliko, na mtoto analelewa na bibi yake ambaye mwenyewe magoti hayamsaidii tena. Dada wa marehemu anaishi Uingereza au Marekani, ana nyumba na kazi. Siku ya khitma aliahidi mbele ya watu kwamba mtoto huyu ni wake, atamchukua. Akarudi kwake. Miaka mitatu baadaye mtoto yungali Kisauni, na kila simu ikipigwa jibu ni lile lile: imebakia karatasi moja.

Mtaani watasema kuna mkubwa anangoja kitu kidogo. Pengine. Lakini ukizifuata kesi hizi toka mwanzo, utaona kwamba ucheleweshaji mwingi huanzia nyumbani, kabla faili halijafika kwa wakili, na kwamba familia huhangaikia karatasi ya mwisho wakati ile ya kwanza haipo.

Karatasi ya kwanza ni cheti cha kifo. Sisi tunazika upesi, na ndivyo dini inavyotaka. Mtu akifa alfajiri nyumbani, adhuhuri ashaswaliwa. Shida ni kwamba katika haraka hiyo kifo hakiripotiwi kwa naibu wa chifu, na bila taarifa ile hakuna cheti. Miaka ikipita inabidi kusajili kifo kwa kuchelewa, na hapo zinatafutwa barua za chifu na watu waliohudhuria mazishi. Mahakama haiwezi kumhesabu mtoto kuwa yatima kwa sababu mtaa mzima unajua ni yatima.

Cheti cha kuzaliwa nacho kina yake. Aliyezaliwa kwa mkunga na kupita miezi 6 bila kusajiliwa anaingia kwenye usajili wa kuchelewa. Halafu kuna majina. Kwenye cheti cha mtoto mama ni Mwanaisha, kwenye kitambulisho chake ni Mwana Aisha, kwenye cheti cha kifo ni Aisha tu. Babu ni Athman hapa na Othman pale. Kwetu huyo ni mtu mmoja. Kwa karani wa ubalozi hao ni watu watatu. Hati ya kiapo iliyoandikwa kwa wakili inaweza kueleza tofauti ndogo, lakini kosa lililo ndani ya cheti chenyewe ni bora lirekebishwe katika ofisi ya usajili mapema. Kilichopita mahakamani hapa kinaweza kukwama ubalozini kwa herufi moja.

Tatu ni ridhaa, na hapa ndipo familia zinapoumizana. Baba aliyepotea hajafa. Kama yu hai, sheria inataka ridhaa yake, au mahakama ithibitishiwe kwamba ametafutwa hakupatikana au amemtelekeza mtoto. Na hata baba akiwa amefariki, upande wa kuumeni una neno. Ami zake mtoto wakisikia kwamba anapelekwa ng'ambo na hawakuulizwa, barua yao ya pingamizi itafika mahakamani kabla ya ndege kununuliwa tiketi. Nimeona familia zikigharimika kwa mawakili kwa jambo ambalo lingemalizwa kwa kahawa na kikao kimoja barazani.

Sasa tuje kwenye swali ambalo wengi huona haya kuliuliza: kwani kuasili kwafaa? Kisa cha Zayd bin Haritha twakijua, na Surat al-Ahzab iko wazi kwamba mtoto huitwa kwa jina la babaye mzazi. Tulicho nacho ni kafala: unamlea, unamsomesha, unamgharamia, lakini nasaba yake haibadiliki na mirathi haifuati. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 unaitaja kafala kwa jina katika Kifungu cha 20, na miongozo ya serikali yetu kuhusu malezi mbadala inaitambua pia. Kwa malezi ya ndani ya nchi, hapo pana njia nzuri.

Ugumu unakuja mpakani. Kifungu cha 170 cha Katiba kinampa kadhi hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi kati ya Waislamu. Amri ya kuasili hutolewa na Mahakama Kuu. Barua ya ulezi, hata iwe na muhuri mzuri namna gani, haihesabiwi Uingereza wala Marekani kuwa ni kuasili. Kwa upande wa pili, mwenye jamaa Ghuba asitafute amri ya kuasili akidhani itamsaidia, maana nchi nyingi za huko haziitambui kabisa. Kwa hivyo uliza kwanza mtoto anakwenda nchi gani, kisha ndiyo ujue ni karatasi ipi ya kutafuta.

Kenya ilijiunga mwaka 2007 na Mkataba wa The Hague wa 1993 unaosimamia kuasili baina ya nchi. Maana yake ni kwamba mamlaka za nchi mbili huzungumza zenyewe, na familia haiwezi kujipangia na wakili wake tu. Kisha Novemba 2014 Baraza la Mawaziri likasimamisha wageni kuasili watoto wa Kenya, kwa hofu ya biashara haramu ya watoto, bila kuweka tarehe ya mwisho. Sheria ya Watoto ya 2022 ilikuja baadaye na kuchukua nafasi ya ile ya 2001. Basi swali la kwanza kwa afisa wa watoto, kabla ya kulipa shilingi, ni hili: mama mdogo huyu, kwa uraia wake na makao yake, anahesabiwa jamaa Mkenya au mgeni? Mwenye paspoti ya Kenya na aliyekwishaikana wakachukua ya kule hawako mlango mmoja. Likitoka jibu, liombe kwa maandishi.

Hata mlango ukiwa wazi, hatua ni nyingi: mtoto atangazwe rasmi kuwa anaweza kuasiliwa, ripoti ziandikwe, mahakama imteue mlezi wa kumsimamia mtoto katika kesi, ndipo jaji asikilize.

Na kule ng'ambo saa inakimbia. Marekani, ripoti ya uchunguzi wa nyumba ya mlezi isizidi miezi 6 inapowasilishwa, na kibali kinachotolewa kwa njia ya The Hague hudumu miezi 15. Kesi yetu ikiahirishwa mara mbili, karatasi ya kule imekufa, inaanzwa upya kwa gharama mpya. Ndiyo maana haifai mama mdogo kukimbilia uchunguzi wa nyumba wakati cheti cha kifo cha dadake hakijapatikana. Uingereza ni kali zaidi: sheria yao ya 2002 inafanya kuwa kosa la jinai kwa mkaazi wa huko kumwingiza mtoto ili amuasili bila kwanza kukaguliwa na kuidhinishwa. Kumpeleka kwa viza ya matembezi na kupanga mengine mbele kwa mbele ni kumtia mlezi hatiani.

Njia ya mkato nyingine hunongonwa na watu wazima wenye heshima zao: si aandikwe tu mama mdogo kwamba ndiye mzazi? Cheti kitatoka, sikatai. Kisha ubalozi utaomba kipimo cha DNA. Hapo viza inakataliwa, jina la mama mdogo linabaki kwenye kumbukumbu zao kuwa alidanganya, na hata njia halali imefungwa. Mtoto naye amebaki na cheti kinachomfuta mamake.

Wakati wa kungoja, bibi asikae mikono mitupu. Aombe mahakama ya watoto imteue mlezi rasmi, ili aweze kutia sahihi shuleni, hospitalini na kwenye maombi ya paspoti. Nakala za kila kitu zikae sehemu mbili. Na yuko mwenyewe mtoto, ambaye husikia kila simu akiwa chumba cha pili. Ataulizwa na afisa wa watoto anataka nini, basi aulizwe nyumbani kwanza. Akitaka kujua atapanda ndege lini, asipewe mwezi.