Uzito wa Mtoto na Kadiri ya Dawa

Zamani, kabla ya kilo kuenea madukani mwetu, mchele katika miji ya pwani ulipimwa kwa kibaba na pishi, na hata mtoto aliyetumwa dukani na senti zake mkononi alijua kwamba pishi moja ni vibaba vinne. Na mwenye duka aliyethubutu kumpimia mteja kwa kopo lolote lililomjia mkononi angaliitwa mwizi mchana kweupe. Nastaajabu, basi, kila nionapo kizazi cha watu hao hao, waliokuwa na ghera ya kipimo hata katika punje ya mchele, kikimmiminia mtoto mgonjwa dawa ya homa kwa kijiko chochote kilicholala karibu na birika la chai, ilhali dawa hiyo kwa kadiri moja humtuliza mtoto akalala, na kwa kadiri nyingine huweza kumwangamizia ini.

Dawa ninayoisema ni parasetamoli, ambayo wengi wetu huiita Panadol hata ikiwa imetoka kiwanda kingine kabisa, na ambayo ndugu zetu waishio Marekani huikuta madukani kwa jina la asetaminofeni. Ni dawa njema, nami huiandika kila siku. Hushusha homa, hupunguza maumivu ya sikio, jino na koo, na ikitumiwa kwa kipimo chake ni katika dawa salama kabisa tulizo nazo kwa watoto. Lakini kwa kuwa hupatikana bila cheti cha daktari, katika duka la dawa muhimu na hata katika kioski kinachouza sabuni na viberiti, pameota dhana kwamba kitu kinachouzwa kwa wepesi namna hiyo hakiwezi kudhuru, na kwamba mtoto akichemka sana apewe nyingi, na akichemka kidogo apewe kidogo. Dhana hiyo si sahihi. Kipimo hakifuati ukali wa homa, wala hakifuati umri peke yake, maana watoto wawili waliozaliwa wiki moja huweza kupitana kilo tatu. Kipimo hufuata uzito.

Tabibu hukisia miligramu 10 hadi 15 za parasetamoli kwa kila kilo ya mwili kwa mara moja, na kwa saa 24 zisipite mara nne, yaani zisizidi miligramu 60 kwa kila kilo. Sasa ichukue chupa ya dawa ya maji uisome ubavuni, si pale penye picha ya mtoto anayecheka bali pale penye maandishi madogo. Aghalabu utakuta 120 mg/5 ml, maana yake kila mililita tano zimebeba miligramu 120. Kwa mtoto wa kilo 10 mililita tano hizo ni sawasawa kabisa. Lakini ipo chupa nyingine, pengine ya rangi ile ile na utamu ule ule, iliyoandikwa 250 mg/5 ml, na mama aliyezoea ile ya kwanza, akimpimia mtoto yule yule mililita zile zile, atakuwa amempa zaidi ya maradufu ya alichompa mwezi uliopita, bila mkono wake kukosea hata kidogo. Kwa hiyo asemaye “mpe mtoto mililita tano” hajasema kitu mpaka ataje ni za chupa ipi.

Na uzito utaupata wapi usiku wa manane, mtoto akilia? Upo kabatini. Kila mwezi mama alipompeleka mwanawe kliniki, akamvisha kile kikaptula cha kitambaa chenye kamba, akamtundika kwenye mizani huku mtoto akirusha miguu na kulia, muuguzi alisoma sindano ya mizani na kuandika kilo katika kadi. Tumeifanya kadi ile kuwa karatasi ya kuonyesha kliniki tu, tunaitunza ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na vyeti, wala hatukumbuki kwamba nusu ya hesabu ya dawa imo humo, na nusu ya pili imo ubavuni mwa chupa. Ningependa vitu viwili hivyo viwekwe mahali pamoja.

Kisha kuna balaa la kijiko. Watafiti wa Ugiriki walipita katika nyumba za watu na kuvipima vijiko vya jikoni, wakaona kwamba kijiko cha chai hubeba kuanzia mililita 2.5 mpaka 7.3, na kile kikubwa cha mezani kuanzia 6.7 mpaka 13.4. Sina sababu ya kudhani vijiko vyetu vina adabu zaidi kuliko vya Wagiriki. Chupa nyingi huja na kikombe kidogo au kijiko cha plastiki chenye mistari; kikipotea, bomba la sindano lisilo na sindano, ambalo kila duka la dawa linalo, ndilo lililo bora kuliko vyote. Tikisa chupa kwanza, vuta dawa mpaka mstari unaotakiwa, mketishe mtoto wima, kisha ipenyeze pole pole kwa ndani ya shavu na si kooni moja kwa moja, asije akapaliwa.

Nakumbuka mama mmoja kijana aliyeingia kwangu na mtoto wa kilo 9 aliyekuwa akitapika. Nilimwuliza, “Mama, umempa nini tangu jana?” Akanijibu kwa upole, “Nimempa dawa ya homa tu, daktari.” Nikamwomba anionyeshe. Akatoa katika mkoba chupa ya parasetamoli, na kijiko cha kulia alichokifunga katika leso kwa usafi. Nikakijaza maji kwa bomba, kikameza mililita 12. Akatoa na chupa ya pili, dawa ya mafua, ambayo katika maandishi yake madogo nayo ilikuwa na parasetamoli, na alikuwa akiitoa mara tatu kama ile ya kwanza. Ndipo bibi wa mtoto, aliyekuwa ameketi mlangoni, akasema kwamba usiku, alipomwona mjukuu bado ana moto, alimsagia robo ya kidonge cha Panadol. Nilipojumlisha, mtoto yule alikuwa amepata karibu miligramu 150 kwa kila kilo yake ndani ya siku moja, pale ambapo mpaka ni 60. Hakuna aliyezembea katika nyumba ile. Kila mmoja alitoa kidogo, kwa mapenzi, na kibaba kikajaa.

Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza dawa kwa majina ya vilivyomo ndani na si kwa jina la chupa, kwa sababu parasetamoli hujificha katika dawa za mafua, katika dawa za kikohozi, na katika vidonge vya watu wazima vilivyochanganywa na diklofenaki, ambavyo havifai kukatwa vipande na kupewa mtoto kwa hali yoyote.

Na ini hufanyaje? Sehemu kubwa ya dawa hii ini huifunga na kuitoa kwa mkojo pasipo dhara. Akali yake hugeuka kuwa sumu, lakini ini lina akiba ya kitu kiitwacho glutathioni, ambacho huidaka sumu hiyo mara izaliwapo na kuizima. Kipimo kikiwa cha halali, akiba hutosha. Kipimo kikizidi, akiba huisha, na sumu iliyokosa mpinzani huanza kuziua seli za ini zenyewe. Mtoto aliyedhoofika kwa utapiamlo, au ambaye siku mbili hajala, akatapika na kuhara, akiba yake ni haba tangu mwanzo, na huyo ndiye ambaye huonewa huruma akaongezewa dawa. La kuhofisha zaidi ni kwamba siku ya kwanza mtoto aliyezidishiwa huweza kutapika kidogo tu au asionyeshe lolote, akacheza na kunywa uji, na manjano ya macho yakatokea siku ya pili au ya tatu. Iko dawa ya kuliokoa ini, asetilisisteini, nayo hufaa zaidi ikianza ndani ya saa 8 tangu sumu kuingia. Kwa hiyo ukitambua kwamba umezidisha, au umemkuta mtoto na chupa tupu, usingoje dalili, usimlazimishe kutapika, mchukue hospitali pamoja na chupa yenyewe.

Hapa sina budi kusema neno juu ya lugha ya pakiti zetu. Huandikwa “kutwa mara tatu”, na neno kutwa asili yake ni kuchwa kwa jua. Ndiyo maana tukikusudia mchana na usiku husema kutwa kucha. Mama aliye msikivu wa Kiswahili hafanyi kosa anapozitia mara zote tatu baina ya alfajiri na magharibi, kisha usiku, homa inapopanda, akaanza hesabu upya. Afadhali tungeandika saa: baina ya kipimo na kipimo zisipungue saa 4, na zikiwa 6 ni bora, mathalani saa 12 ya asubuhi, saa 6 ya mchana, saa 12 ya jioni na saa 6 ya usiku. Tena dawa hii haina dozi ya kumaliza, kama zilivyo dawa za malaria au za kuua bakteria. Mtoto akipoa na kuchangamka, chupa ifungwe.

Homa yenyewe si adui. Ni mwili unaopigana, na joto lake hulisumbua jeshi la vijidudu. Lengo la dawa ni kumwondolea mtoto taabu, si kuifukuza kila nyuzi iliyozidi. Mtoto mwenye nyuzi 38 anayecheza na kunywa hana haja ya dawa, ana haja ya maji, maziwa ya mama na nguo nyepesi. Wala parasetamoli haizuii degedege, jambo ambalo wazazi wengi hulitarajia kwake. Degedege la homa huwapata watoto wa baina ya miezi sita na miaka mitano, na mtoto akishikwa hulazwa ubavu, hatiwi kitu kinywani, wala kijiko wala dawa, kisha hupelekwa kwa tabibu. Wako wazee waliosadiki kwamba mtoto wa namna hiyo akichomwa sindano hufa. Naheshimu hofu iliyozaa imani hiyo, kwani waliwaona watoto wakifikishwa hospitali wakati umekwisha. Lakini nasihi yangu ni kwamba asicheleweshwe hata kidogo.

Na katika nchi zetu homa ina deni jingine. Parasetamoli huupoza mwili ilhali vimelea vya malaria vinaendelea kuzaana katika damu, na mtoto mdogo huweza kuzidiwa na malaria kwa siku moja au mbili. Kwa hiyo homa inaposhuka kwa dawa si ithibati ya kupona, na kipimo cha damu cha dakika chache katika zahanati hakina badala. Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyelegea au kupoteza fahamu, aliyeshikwa na degedege, au aliye chini ya miezi mitatu na joto la nyuzi 38, huyo dawa yake haimo nyumbani.

Aspirini asipewe mtoto kabisa. Mwaka 1963 tabibu wa Australia, Douglas Reye, pamoja na wenzake, alieleza maradhi ambayo ubongo wa mtoto huvimba na ini hujaa mafuta ghafla, aghalabu baada ya mafua au tetekuwanga; na miaka ya 1980 uchunguzi wa Marekani ukadhihirisha kwamba wengi wa watoto hao walikuwa wamepewa aspirini. Uingereza iliikataza kwa walio chini ya miaka 12 mwaka 1986, na mwaka 2002 ikapandisha mpaka hadi miaka 16. Ibuprofeni inafaa, lakini ina masharti mengi kuliko parasetamoli: asipewe mtoto wa chini ya miezi mitatu, wala aliyekaukiwa maji kwa kuhara, maana huzielemea figo, wala mwenye tetekuwanga, na panapokuwa na homa ya dengi, ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la kidingapopo, ibuprofeni na aspirini zote huzidisha hatari ya kuvuja damu.

Yule mtoto wa kilo 9 alilazwa siku tatu, akatoka mzima. Nilimpa mama yake bomba la sindano na kulitia alama ya wino penye mililita tano, naye nyuma ya kadi ya kliniki akaandika kwa mkono wake: kilo 9, mstari wa 5, chupa ya 120. Miezi minne baadaye alinijia, mtoto hana ugonjwa wowote. Alikuwa ametoka kupima uzito, amekata tisa na kuandika kumi, na alitaka kujua kama mstari sasa unahama. Nikamwambia bado, mpaka afikishe kilo 12.