Mkebe wa Negativu Chini ya Kitanda

Wakati wa masika yaliyopita mama mmoja wa huku kwetu Chiwata alifika zahanati asubuhi na mapema. Tulidhani ana homa. Akafungua pindo la khanga, akatoa simu iliyovimba betri, kioo kimepasuka. "Mama nesi, nyinyi mnajua mambo, hebu nisaidieni iwake." Mwanawe wa kiume alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, akiwa na miaka sita. Picha zake zote, tangu siku ya kuzaliwa, zilikuwa ndani ya simu ile. Hakuna hata moja iliyochapwa. Tukaipeleka kwa fundi Masasi mjini, akahangaika nayo siku mbili, akashindwa. Mama akauliza kama kadi ya kliniki ina picha. Kadi ya kliniki mnaijua, akina mama. Ina mstari wa uzito na tarehe za chanjo. Haina sura.

Majuma machache baadaye kijana mmoja wa kwaya yetu alitujia akiwa na furaha tele. "Mama nesi, filamu imerudi!" Alikuwa ameona kwenye simu vijana wa Ulaya na Marekani wakipiga picha kwa kamera za kizamani, zile za kutia mkanda. Marehemu baba yake alikuwa mpiga picha wa baiskeli. Miaka ya tisini hapakuwa na ubatizo, kipaimara wala harusi asiyofika na kamera yake shingoni. Mkanda ukijaa alikwenda kuusafishia mjini, nasi tulisubiri picha majuma mawili au matatu. Wengine walizichukua na kuahidi kulipa baada ya korosho. Baadhi wanadaiwa mpaka leo, na mwenyewe keshalala kaburini! Aliacha kamera moja na mkebe wa biskuti uliojaa negativu, uko chini ya kitanda cha mjane wake.

Sasa kijana alitaka fedha za korosho zote za msimu ziende kununua filamu na dawa, afungue studio. Mama yake akaja kwetu jioni, amefunga kichwa. "Mwongeeni nyinyi, mimi hanisikii." Fedha zenyewe ndizo za ada ya mdogo wake na za mabati ya nyumba. Basi hatukuweza kujibu kwa maneno matupu. Ilitubidi tuulize na tusome.

Kwanza, kijana hakudanganyika. Ni kweli filamu ilikaribia kufa. Polaroid, wenye picha zile za papo kwa papo, waliacha kutengeneza filamu mwaka 2008. Kodak ya Marekani iliacha Kodachrome mwaka 2009, na Januari 2012 kampuni yenyewe ikaomba kinga ya mahakama kwa kufilisika. Lakini kundi dogo la watu lilinunua mitambo ya kiwanda cha mwisho cha Polaroid huko Enschede, Uholanzi, na kufikia 2010 walikuwa wanauza tena. Mwaka 2018 Kodak iliirudisha sokoni Ektachrome iliyokuwa imeachwa. Kiwanda cha Harman huko Uingereza, wanaotengeneza filamu za Ilford, kilitoa filamu mpya ya rangi mwaka 2023, na Pentax ya Japani ikauza kamera mpya kabisa ya filamu mwaka 2024. Mwishoni mwa mwaka huohuo Kodak ilisimamisha mitambo kwa muda ili kuikarabati, maana maagizo yamezidi. Biashara iliyokufa haikarabati mitambo.

Wanunuzi wengi ni vijana waliozaliwa wakati wa simu. Wanasema wamechoka na picha elfu moja ambazo hakuna anayezitazama. Mkanda una nafasi 36 tu, kwa hiyo unafikiri kabla ya kubonyeza.

Pili, tulijiuliza kama kazi yenyewe inafanyika huku. Hapo sisi wauguzi tuna la kusema. Tulipokuwa mafunzoni, eksirei za kifua zilikuwa bado zinasafishwa kwa mikono katika chumba cha giza, chini ya taa nyekundu. Ni kazi ileile. Filamu ni plastiki iliyopakwa gelatini yenye chumvi za fedha, fedha ile ya pete na mikufu. Mwanga ukigusa chumvi hizo hubadilika, ila jicho halioni. Dawa ya kwanza huyageuza mabadiliko hayo kuwa fedha nyeusi, dawa ya pili huondoa chumvi ambazo hazikupata mwanga, halafu unaosha kwa maji mengi. Usipoosha vizuri, picha inakuwa ya njano baada ya miaka.

Maji mengi! Nani asiyejua habari za maji katika uwanda wa Makonde? Bibi zetu waliteremka mabondeni alfajiri na kupanda na mtungi kichwani. Tena filamu nyeusi na nyeupe hupenda dawa ya nyuzijoto 20, na mwezi wa Novemba huku kwetu hata maji ya mtungini hayawi hivyo. Joto likizidi, gelatini inalainika na kukwaruzika. Filamu ya rangi husafishwa kwa nyuzijoto 38, nayo haitaki ipungue wala izidi. Si kwamba haiwezekani. Tumeona eksirei nzuri zikitoka katika vyumba vyenye joto la tanuri. Lakini anayedhani ni kazi ya kubonyeza tu, ajue kuna kupika pia, na chungu hakisamehi.

Tukaja kwenye hesabu. Filamu moja ya rangi huko nje huuzwa kwa dola 10 hivi au zaidi. Kwa shilingi zetu ni zaidi ya 20,000, yaani kila picha imeshakula shilingi 550 na ushee kabla ya nauli, dawa, karatasi na zile zitakazoharibika. Kipande kimoja cha picha ya papo kwa papo hukaribia dola moja. Je, mteja wa Chiwata atalipa hivyo wakati jirani ana simu? Bwana harusi mmoja au wawili kwa mwaka, labda. Studio haiishi kwa bwana harusi mmoja. Tulimwambia kijana wazi kwamba filamu imerudi kwa wenye fedha za kuchezea, na hao hawaishi hapa.

Alinyamaza. Ndipo mwenzetu mmoja akauliza, "Na ule mkebe?"

Huo ndio tulioutazama zaidi. Pale Mji Mkongwe, Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe akaja kuiendeleza. Kwa miaka mingi duka lile limeuza nakala za picha za Zanzibar ya zamani kwa wageni na wenyeji. Mtaji wake mkubwa haukuwa kamera mpya. Ulikuwa zile negativu ambazo hazikutupwa. Na karibu na kwetu zaidi, Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala mwaka 1906 akiwa na kamera, akapiga picha watu wetu wengi, nyingine zikachapwa katika kitabu chake cha 1908. Bibi zetu wanaonekana Leipzig kwa sababu Leipzig walitunza. Inatuuma kidogo kulisema, lakini ndivyo.

Basi tulimshauri kijana hivi: tumia simu hiyohiyo unayoilaumu. Weka negativu juu ya kioo cheupe chenye mwanga kwa nyuma, ipige picha kwa karibu, geuza rangi kwa programu ya simu, kisha chapisha mjini. Mtaji ni nauli na karatasi. Wateja ni wale waliopigwa picha na baba yake, pamoja na watoto wao. Na kila mwenye simu anaweza kuletewa huduma hiyohiyo ya kuchapa, kabla simu haijafa.

Tulimpa na onyo moja. Picha ni za waliopigwa. Picha ya mwali aliyetoka unyagoni haiuzwi kwa mgeni, hata akilipa kwa dola.

Nanyi mlio na picha za zamani nyumbani, msizipanguse kwa kitambaa cha maji. Mzishike pembeni. Negativu zikae katika bahasha ya karatasi, mahali pakavu, mbali na bati lenye joto na mbali na mende, maana gelatini kwao ni chakula. Zile albamu za kurasa zenye gundi na plastiki juu zinakula picha polepole. Tumezipoteza nyingi kwa njia hiyo, sisi wenyewe. Za rangi za miaka ya themanini mkiziona zimekuwa nyekundu, zipigeni nakala mapema. Nyeusi na nyeupe zilizooshwa vizuri zitawasubiri.

Jumamosi moja tulikaa barazani tukainua negativu moja moja dhidi ya mwanga. Kumi na moja zilikuwa za kipaimara cha 1998. Yule mama wa simu alikuwa amekuja kuchukua dawa, akasimama kutazama. Akajiona, msichana wa miaka kumi na miwili katika gauni jeupe la kuazima. Ilipochapwa aliishika muda mrefu. "Alikuwa na uso huuhuu," akasema, akaikunja ndani ya daftari la kliniki. Kijana hakutaka malipo, mama akamwachia mayai manne kwa nguvu.

Mpaka sasa amechapa picha zaidi ya sitini, kwa shilingi elfu mbili moja. Ada ya mdogo wake imelipwa. Bado anataka filamu, hatukufaulu kumtoa hamu hiyo, na kwa kweli hatukujitahidi sana. Mama yake amekubali anunue mikanda miwili, ya nyeusi na nyeupe, korosho za msimu ujao zikiuzika vizuri.