Bei ya Mshirika na Pikapu Mpya

Sehemu ya chini ya ankara ambayo Ford humtumia wakala wa kuuza magari yake pamoja na pikapu mpya ina mistari michache ya tarakimu ambayo wateja wengi hawaioni. Mmoja wa mistari hiyo umeandikwa X-Plan. Hiyo ndiyo bei ya mshirika. Hulipwa na mtu asiyeajiriwa na Ford, ila mwajiri wake au chama chake kina uhusiano na Ford, na haihitaji kubembeleza wala kuvutana na muuzaji.

Makampuni makubwa ya magari ya Detroit, Marekani, yote yana mipango ya namna hii. Kwa Ford, A-Plan ni ya wafanyakazi, Z-Plan ni ya wastaafu, na X-Plan ni ya washirika pamoja na marafiki na majirani wa wafanyakazi. General Motors, inayotengeneza Chevrolet Silverado na GMC Sierra, ina bei ya wafanyakazi na bei ya wasambazaji wa vipuri. Stellantis, yenye pikapu za Ram, nayo ina mpango wa washirika. Neno "mshirika" ni pana kuliko wengi wanavyodhani. Linawagusa wafanyakazi wa viwanda vya vipuri na wa kampuni kubwa zinazonunua magari kwa wingi, na hata wanachama wa vyama vya hiari. Shirika la wapenzi wa ndege EAA, lenye makao yake Oshkosh, Wisconsin, limewahi kuwapa wanachama wake nafasi ya kununua Ford kwa X-Plan.

Kwa hiyo muuguzi Mkenya aliyeajiriwa na mtandao mkubwa wa hospitali kule Texas, au Mkongomani anayefanya kazi katika ghala la kampuni kubwa, huenda anayo haki hii na hajui. Ofisi ya rasilimali watu kazini ndiyo mahali pa kuuliza, kabla hata ya kulitembelea duka la magari.

Mwenye haki huingia kwenye tovuti ya mpango, huthibitisha ajira au uanachama wake, kisha hupewa nambari ya idhini yenye jina lake. Nambari hiyo humpelekea wakala. Kikwazo cha kwanza kiko hapo. Wakala Marekani ni mfanyabiashara anayejitegemea, na sheria za majimbo mengi zinamzuia mtengenezaji kumuuzia mteja gari moja kwa moja. Wakala anaweza kuikubali nambari au kuikataa. Wengi huikubali kwa sababu huwaletea mteja aliyekwisha kuamua kununua. Pikapu inapokuwa adimu, mambo hubadilika. Mwaka 2021 na 2022, upungufu wa chipu za kompyuta ulipokwamisha viwanda, mawakala wengi waliuza juu ya bei iliyopendekezwa na kiwanda, hadi Ford na General Motors zikawaonya hadharani. Katika msimu kama huo, mteja mwenye wakala anayeiheshimu bei ya mshirika alikuwa na kinga ya maana.

Ili kuijua thamani ya punguzo lenyewe, lazima mtu azitofautishe bei tatu. Ya kwanza ni ile ya karatasi iliyobandikwa kwenye kioo cha gari, ambayo Wamarekani huiita Monroney, kwa jina la seneta wa Oklahoma aliyeisukuma sheria yake mwaka 1958. Hiyo ni bei iliyopendekezwa na mtengenezaji. Ya pili ni bei ya ankara, yaani kile ambacho wakala anaandikiwa na kiwanda. Ya tatu ni ya mshirika, ambayo kwa kawaida hukaa karibu sana na ile ya ankara.

Tuseme pikapu ina bei ya dola 58,000 kwenye kioo, na ankara yake ni dola 55,000. Bei ya mshirika ikiwa hiyohiyo ya ankara, mteja ameokoa dola 3,000 bila maneno mengi. Kiwanda kikiwa na zawadi ya dola 2,000 kwa kila mnunuzi wa mwezi huo, kwa kawaida naye anaipata juu ya punguzo lake, na gari linashuka hadi dola 53,000. Sasa mtazame mteja wa pili, asiye na nambari yoyote. Amewaandikia mawakala watano, akawashindanisha, na mmoja mwenye pikapu nyingi uwanjani mwishoni mwa mwezi akamkatia dola 5,000. Akiongeza zawadi ileile, analipa dola 51,000. Bei ya ankara si sakafu. Mara nyingi wakala hurudishiwa na kiwanda asilimia fulani baada ya kuuza, pamoja na bonasi za kufikia malengo, kwa hiyo anaweza kuuza chini ya ankara na bado akabaki na chake.

Kwamba bei ya mpango huenda isiwe ya chini kabisa, upo ushahidi mkubwa kutoka kiangazi cha mwaka 2005. Juni mwaka huo, General Motors ilitangaza kwamba kila Mmarekani angenunua gari kwa bei ya mfanyakazi. Mauzo ya mwezi huo yalipanda kwa zaidi ya asilimia 40 yakilinganishwa na Juni ya mwaka uliotangulia. Ford na Chrysler zikaingia Julai, na Chrysler ikamrudisha kwenye matangazo ya televisheni mkuu wake mstaafu, Lee Iacocca. Pikapu zikatoka viwanjani kwa kasi.

Watafiti watatu, Meghan Busse, Duncan Simester na Florian Zettelmeyer, walichunguza baadaye bei ambazo watu walilipa hasa. Matokeo yao, yaliyotoka mwaka 2010 katika jarida la Marketing Science, yanastahili kusomwa na kila anayetaka kununua gari. Wateja wengi wangelipa pungufu kabla ya ofa kuanza. Bei ilipanda, na mauzo yakapanda vilevile, kwa sababu jina "bei ya mfanyakazi" liliwaaminisha watu kuwa huo ndio wakati wa kununua. Mnunuzi aliyelizoea soko la Kariakoo au Gikomba, asiyelipa bei ya kwanza hata ya shati, hana sababu ya kunyamaza mbele ya mali ya dola elfu hamsini.

Aprili 2025 mbinu ileile ilirudi. Marekani ilipoanza kutoza ushuru wa asilimia 25 kwa magari yanayotoka nje, Ford ilifungua bei ya A-Plan kwa wateja wote, na Stellantis ikafuata. Lakini Ford iliziacha nje pikapu za kazi nzito za Super Duty na matoleo ya Raptor. Huo ni utaratibu wa kawaida wa mipango hii: gari lenye wateja wanaolisubiri ndilo la mwisho kupunguziwa, ikiwa litapunguziwa kabisa.

Bei ya gari ikishakubaliwa, fedha bado zinaweza kuvuja. Gari la zamani ambalo mteja analikabidhi kama sehemu ya malipo linaweza kuthaminiwa kwa dola 2,000 chini ya bei ya soko, na punguzo likawa limekwisha hapohapo. Kisha huja chumba cha mikopo, ambako huuzwa dhamana ya ziada na dawa ya kulinda rangi, na ambako riba inaweza kuongezwa juu ya ile iliyokubaliwa na benki. Mpango wa mshirika haugusi lolote kati ya hayo. Hata kodi ya mauzo ina hesabu yake: punguzo la mshirika hushusha bei inayotozwa kodi, ilhali zawadi ya kiwanda, katika majimbo mengi, hukatwa baada ya kodi kupigwa.

Njia ya busara ni kuichukua nambari ya idhini mapema, kisha kutafuta bei kana kwamba haipo. Mawakala waombwe kwa maandishi jumla yote ya kulipa, pamoja na ada na kodi, na jumla hizo ziwekwe kando ya ile ya mshirika. Aliye na nambari aombe pia kuonyeshwa ankara, auone kwa macho yake mstari wa mpango wake. Gari la zamani lithaminiwe sehemu mbili au tatu tofauti, na idhini ya mkopo itafutwe kwenye benki au chama cha akiba na mikopo kabla ya siku ya kununua.

Kuna wanaofikiria kununua pikapu kwa punguzo hili na kuisafirisha Afrika Mashariki. Wasome masharti kwanza. Mipango hii ni ya matumizi binafsi ya mnunuzi, si ya biashara ya kuuza tena. Pikapu za Marekani zina usukani wa kushoto, unaofaa barabara za Kongo, Rwanda na Burundi, ilhali Kenya, Uganda na Tanzania huendesha upande wa pili, na Kenya kwa kawaida haisajili gari la usukani wa kushoto.