Kwa Nini Ngalawa ya Mfano Hupinduka?

Mji wa Kibaha hauna bahari. Uko kando ya barabara kuu iendayo Morogoro, kilometa 40 hivi kutoka Dar es Salaam. Hata hivyo ndio makao makuu ya Mkoa wa Pwani, mkoa ambao wavuvi wake, tangu Bagamoyo hadi Kisiju na Mafia, wametumia ngalawa kwa vizazi vingi. Si ajabu, basi, mwanafunzi wa Kibaha akitaka kuchonga ngalawa ndogo ya mfano.

Tuchukulie kwamba mwanafunzi huyo amefanya kazi yake kwa uangalifu. Ameipima ngalawa halisi kule Bagamoyo, akagawanya kila kipimo kwa 20, akachonga mtumbwi wake kwa mti laini, akafunga mirengu miwili (yaani vile vibao vinavyoelea pande zote mbili), akasimamisha mlingoti, kisha akafunga foromali na tanga. Mwishowe anaiweka katika beseni la maji na kuipepea kwa jalada la daftari. Mara ngalawa inalala ubavu, na tanga linazama.

Wenzake watacheka, naye huenda akadhani kwamba amekosea kuchonga. La hasha! Ngalawa yake imepinduka ingawa ameichonga sawasawa. Sababu yake ni kanuni ambayo kila mwanafunzi wa fizikia anapaswa kuielewa.

Urefu, eneo na ujazo

Kitu kinapopunguzwa, sifa zake zote hazipungui kwa kiasi kimoja. Tuseme ngalawa halisi ina urefu wa meta 6, tanga lake lina eneo la meta za mraba 12, na uzito wake pamoja na watu na vyombo vya uvuvi ni kilo 400. Katika skeli ya 1 kwa 20, urefu unagawanywa kwa 20, nao unakuwa sentimeta 30. Lakini eneo lina urefu na upana. Kwa hiyo linagawanywa kwa 20 mara mbili, yaani kwa 400. Tanga la mfano litakuwa na sentimeta za mraba 300. Ujazo, na uzito pamoja nao, hugawanywa kwa 20 mara tatu, yaani kwa 8,000. Zile kilo 400 zinabaki gramu 50 tu.

Sasa tuone mapambano yaliyopo kati ya upepo na chombo. Nguvu ya upepo hufuata eneo la tanga, na uwezo wake wa kupindua ni nguvu hiyo mara kimo chake juu ya maji. Kwa hiyo uwezo wa kupindua unagawanywa kwa 400 mara 20, yaani 8,000. Kwa upande wa pili, kinachokirudisha chombo wima ni uzito wake mara umbali wa kuegemea, kwa mfano umbali kutoka mtumbwi hadi mrengu. Uwezo huo unagawanywa kwa 8,000 mara 20, yaani 160,000.

Msomaji atazame vizuri tarakimu hizo mbili. Katika upepo ule ule, uwezo wa ngalawa ndogo kusimama wima umepungua mara 20 zaidi kuliko uwezo wa upepo kuipindua. Kwa kuwa nguvu ya upepo huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo wake, upepo unaofaa kwa mfano huu ni ule uliogawanywa kwa kipeuo cha pili cha 20, yaani 4.5 hivi. Upepo wa meta 6 kwa sekunde, ambao mvuvi huuona wa kawaida, unapaswa kuwa wa meta 1.3 tu. Jalada la daftari linapopepewa kwa nguvu, ngalawa ya beseni hupatwa na tufani.

Mhandisi aliyepima kwa nta

Kipeuo hicho cha pili kina historia. Mhandisi Mwingereza William Froude, aliyeishi tangu 1810 hadi 1879, alitaka kujua meli kubwa itahitaji nguvu kiasi gani kabla haijaundwa. Katika miaka ya 1870 alijenga hodhi refu la maji huko Torquay, akavuta ndani yake mifano ya meli iliyotengenezwa kwa nta. Aligundua kwamba mawimbi yanayofanywa na mfano hufanana kwa umbo na yale ya meli endapo mwendo wake utapunguzwa kwa kipeuo cha pili cha skeli. Ngalawa iendayo meta 2.7 kwa sekunde inalingana na mfano uendao meta 0.6 kwa sekunde. Aligundua pia kwamba msuguano wa maji haufuati kanuni hiyo. Ikabidi auhesabu peke yake. Hadi leo wahandisi wa meli hufanya majaribio kwa njia iliyotokana na kazi yake.

Katika nchi za ng'ambo huuzwa visanduku vyenye vipande vya mbao vilivyokwisha kukatwa, nyuzi na karatasi ya maelekezo, ili mnunuzi aunganishe mwenyewe meli ya matanga. Nilipokuwa masomoni huko niliunganisha moja majira ya baridi. Kabatini ilipendeza mno; bwawani ilipinduka kabla sijaiachia sawasawa. Waundaji wa mifano ya kushindana huzuia hali hiyo kwa kutia risasi chini ya mkuku mrefu. Chombo hapo husimama, lakini hakiwi tena nakala kamili ya chombo kikubwa.

Jaribio kwa shule

Jaribio hili halihitaji kisanduku cha kununua. Mwalimu awape wanafunzi mti laini, kisu, kitambaa, uzi na beseni pana. Kwanza wapime ngalawa yao kwa mizani na kulinganisha na uzito uliotakiwa na skeli. Huenda wakakuta imezidi, kwa kuwa ubavu wenye unene wa sentimeta 3 unapaswa kuwa milimeta 1.5, na kisu hakifiki huko kwa urahisi.

Kisha wafunge kijiti cha sentimeta 15 kwa kukingama kwenye mlingoti, waning'inize kikombe chepesi cha karatasi kwenye ncha yake, na kutia mchanga kidogo kidogo mpaka ngalawa ipinduke. Wapime mchanga huo na kuandika. Warudie mirengu ikiwa karibu, ikiwa mbali, na ikiwa imeondolewa kabisa. Halafu watie farumi, yaani kokoto, chini ya mtumbwi. Wachore grafu ya matokeo. Jaribio lifanyike shuleni, wala si katika Mto Ruvu, ambamo mna viboko na mamba.

Mfano na kumbukumbu

Mfano mdogo una kazi nyingine pia. Mtepe, chombo cha mwambao wetu kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila misumari, ulitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Sehemu ya tunayoyajua juu yake tumeyapata kutokana na mifano midogo iliyochongwa na kuhifadhiwa. Mifano hiyo yaweza kutuonyesha umbo la omo na mahali pa mishono. Lakini haiwezi yenyewe kutuambia kamba zilikazwa kiasi gani, wala chombo kilihimili upepo gani, kwa maana mambo hayo hayapungui pamoja na urefu. Hayo aliyajua fundi.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Kibaha, baada ya kuipima ngalawa, na amwulize pia fundi aliyeiunda kwa nini mirengu imefungwa umbali ule, kisha ayaandike majibu yake pamoja na vipimo.