Mshika Mizani wa Umeme

Mwananchi wa Visiwani anayesafiri kwenda Morogoro, akiukaribia mji huo na kuiona milima ya Uluguru imesimama upande wake wa kushoto, ataona pia nguzo ndefu za chuma zilizobeba nyaya za umeme. Wengi wetu hupita bila kuzifikiria nyaya hizo. Lakini zinatuhusu sana. Zinatoka Kidatu, kusini mwa mkoa huo, ambako maji ya Mto Ruaha Mkuu huzungusha mitambo yenye uwezo wa megawati 204. Zinapita Morogoro mjini hadi Ubungo, Dar es Salaam. Na kutoka katika gridi hiyo hiyo umeme huingia baharini Ras Kiromoni na kuibukia Fumba. Mitambo ya Kidatu ilianza kazi mwaka 1975, na sehemu yake ya pili ikakamilika mwaka 1980. Ni mwaka huo huo wa 1980 Unguja ilipounganishwa na Bara kwa waya wa kwanza wa chini ya bahari. Tangu siku hiyo taa ya Darajani na mito ya Morogoro zimekuwa jamaa moja.

Swali tunalotaka kulizungumza leo ni hili: bei ya umeme huo inapangwa na nani, na anayeipanga anaangalia haki ya nani?

Bara kazi hiyo imekabidhiwa Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001 na kuanza kazi mwaka 2006. Mamlaka hiyo haina bwawa, haina mtambo wala nguzo hata moja. Kazi yake ni kutoa leseni, kupanga bei, kusimamia ubora wa huduma na kusikiliza malalamiko. Kabla ya kupanga bei huitisha taftishi, yaani kikao cha wazi ambapo shirika linaloomba kuongeza bei hutakiwa kueleza gharama zake mbele ya watu, na watumiaji hupewa nafasi ya kuhoji. Asiyeridhika na uamuzi anaweza kukata rufaa katika Baraza la Ushindani.

Sisi tuliokaa mkekani chuoni tukiwa watoto tulifundishwa mapema habari za watu wa Nabii Shuaibu, walioangamia kwa kupunja vipimo. Mafundisho hayo yanafaa hapa. Shirika la umeme halina mshindani. Mwananchi hawezi kulikimbia akanunue duka la jirani. Likiachiwa lijipimie lenyewe, litapima kwa kujipendelea. Kwa upande mwingine, mnunuzi naye akiachiwa apange bei, atataka mwanga wa bure, na baada ya miaka michache mitambo itachakaa na giza litamfika yeye mwenyewe. Kwa hiyo basi hapana budi awepo mtu wa tatu ashike mizani.

Je, mizani hiyo imefanya kazi? Tuangalie rekodi. Mwaka 2011 Shirika la Umeme Tanzania, TANESCO, liliomba bei ipande kwa asilimia 155. EWURA ilikubali asilimia 40.29 kuanzia Januari 2012. Mwaka 2013 shirika liliomba asilimia 67.87, likapewa 39.19 kuanzia Januari 2014, na katika bei hizo za 2014 mtumiaji mdogo, asiyezidisha yuniti 75 kwa mwezi, alipangiwa shilingi 100 tu kwa yuniti. Mara zote mbili shirika halikupata lote lililoomba, wala halikurudishwa mikono mitupu. Huo ndio udhibiti.

Lakini mwishoni mwa mwaka 2016 mizani ilitikiswa. Shirika lilikuwa limeomba asilimia 18.19, na baada ya taftishi EWURA ikatangaza asilimia 8.53 kuanzia Januari 1, 2017. Kabla bei hiyo haijaanza kutumika, Waziri mwenye dhamana aliisimamisha, na siku ile ile ya Januari 1 Mkurugenzi Mtendaji wa TANESCO akaondolewa katika wadhifa wake. Hatuandiki haya kwa kumlaumu mtu. Nia ya kumkinga mnyonge na ugumu wa maisha ni nia njema, na ndiyo siasa tuliyolelewa. Hata hivyo ni lazima tuseme ukweli: gharama ya umeme haifutiki kwa amri. Ikiondolewa katika bei, huhamia katika madeni, na ikitoka katika madeni huhamia katika mitambo isiyotengenezwa.

Wananchi wa Unguja hawahitaji kuhubiriwa juu ya jambo hilo. Mwaka 2008 tulikaa gizani kwa muda wa mwezi mmoja hivi, na kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 tukakaa karibu miezi mitatu, kwa sababu tulikuwa tukitegemea njia moja iliyokwisha zeeka. Ahueni ilikuja mwaka 2013, ulipozinduliwa waya wa pili wenye uwezo wa megawati 100, huku Pemba ikiwa imeunganishwa kutoka Tanga tangu mwaka 2010. Anayejua kiu ya siku zile anajua pia kwamba umeme usiopatikana ndio ulio ghali kuliko wote.

Liko jambo la pili linalotugusa sisi wa Visiwani. Nishati ya umeme si katika mambo ya Muungano. Huku tunayo mamlaka yetu ya udhibiti, ZURA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Lakini umeme ambao Shirika la Umeme Zanzibar, ZECO, hutuuzia hununuliwa kwa jumla kutoka TANESCO, kwa bei inayodhibitiwa Bara. Hapo ndipo ulipotokea mzozo wa mwaka 2017, deni lililodaiwa ZECO lilipotajwa kuwa zaidi ya shilingi bilioni 121 na maneno ya kukatiana umeme yakasikika hadharani. Mwaka 2019 sheria ya fedha ililegeza sehemu ya mzigo kwa kuweka kiwango cha sifuri cha kodi ya ongezeko la thamani katika umeme unaouzwa Zanzibar. Tulishukuru. Lakini jambo la hesabu lisingojee kufika kwa wakubwa likiwa limekwisha kuwa jambo la hasira.

Kwa hiyo tunatoa rai tatu. Kwanza, kila taftishi ya bei ya jumla itakayouhusu umeme wa Visiwani, ZURA na ZECO wawe mezani tangu siku ya kwanza, na hesabu zake zitolewe kwa Kiswahili kinachoeleweka na mvuvi wa Nungwi kama kinavyoeleweka na mkulima wa Matombo. Pili, Serikali ikiona bei imezidi uwezo wa wananchi, ipeleke hoja zake katika taftishi au katika rufaa, au itoe ruzuku kwa uwazi katika bajeti. Lakini isimpokonye mshika mizani mizani yake. Tatu, mlima usisahauliwe katika hesabu. Maji ya Mto Ruvu yanayonywewa Dar es Salaam yanatoka Uluguru, na bei yake hupangwa na Mamlaka hiyo hiyo inayopanga bei ya umeme unaoyasukuma. Mkulima anayeambiwa asikate msitu wa chanzo cha maji anatoa huduma, na mtoa huduma anastahili ujira wake.

Rai hii ya mwisho imezidi uzito siku hizi. Katika Mto Rufiji, mpakani mwa Morogoro na Pwani, bwawa la Julius Nyerere lilianza kuzalisha umeme Februari 2024, nalo limejengwa kwa mitambo 9 yenye jumla ya megawati 2,115, zaidi ya mara kumi ya Kidatu. Neema hiyo inategemea mito, na mito inategemea misitu. Umeme ukiwa mwingi, kishawishi cha kuidharau mizani nacho huwa kikubwa. Tukumbuke kwamba mizani huhitajiwa wakati wa mavuno kama inavyohitajiwa wakati wa njaa.