Brazili: Miwa Badala ya Petroli

Bei ya mafuta ghafi ilipopanda karibu mara nne mwishoni mwa mwaka 1973, Serikali ya Brazili ilibanwa sana, kwani takribani asilimia 80 ya mafuta yaliyotumika nchini humo yalitoka ng'ambo. Ingeweza kukopa na kuendelea kununua. Ingeweza kuchimba visima baharini, kazi ya miaka mingi. Miwa, hata hivyo, ilikuwapo tayari mashambani, na bei ya sukari ilikuwa ikiporomoka. Tarehe 14 Novemba, 1975, Rais Ernesto Geisel alitia sahihi amri ya kuanzisha mpango ulioitwa Proálcool.

Sayansi yake si ngeni kwa aliyepata kuona tembo la mnazi likichacha. Hamira hula sukari iliyomo katika maji ya miwa na kutoa alkoholi pamoja na gesi ya kaboni dayoksaidi. Kisha maji hayo huchemshwa. Kwa kuwa alkoholi huchemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi na maji nyuzi 100, mvuke utokao huwa na alkoholi nyingi zaidi. Hupozwa na kukusanywa. Lakini njia hiyo hugota kwenye asilimia 96 hivi, na maji machache yanayosalia ndiyo yenye matata. Alkoholi yenye maji ikitiwa katika petroli yaweza kujitenga nayo ndani ya tangi. Hivyo, ya kuchanganya sharti ikaushwe kabisa. Isiyokaushwa huhitaji injini yake maalumu, kama ile ya Fiat 147 iliyotolewa mwaka 1979. Tena, lita moja ya alkoholi ina nishati ipatayo thuluthi mbili tu ya ile ya lita ya petroli.

Katikati ya miaka ya 1980, magari tisa kati ya kila kumi mapya yalitumia alkoholi tupu. Ndipo bei ya mafuta ilipoanguka, mwaka 1986, na baadaye ya sukari ikapanda; wenye viwanda wakaona faida katika sukari. Mwaka 1989 wenye magari hayo walipanga foleni vituoni, na serikali iliyokuwa ikikimbia uhaba wa petroli ikaagiza alkoholi kutoka nje!

Tangu mwaka 2003 yameuzwa magari yanayokubali petroli, alkoholi, au mchanganyiko wowote wa hizo mbili. Dereva wa Brazili hupiga hesabu mwenyewe mbele ya pampu: bei ya alkoholi ikizidi asilimia 70 hivi ya bei ya petroli, hununua petroli.