Karibu na Ncha Moja Tu

Mhandisi akipewa hataza ya mshindani, macho yake hukimbilia michoro. Inaeleweka, lakini kinga ya hataza haiko huko. Iko kwenye madai, yale mafungu machache yenye namba yaliyoandikwa kwa sentensi ndefu zisizo na raha. Kifungu cha 70 cha Sheria ya Hataza ya Japani kinasema hivyo waziwazi, na kifungu cha 69 cha Mkataba wa Hataza wa Ulaya hakiko mbali nacho. Maelezo na michoro hutumika kufafanua maneno ya madai.

Chukua kibebeo cha kichocheo cha chuma, kile kinachokaa ndani ya ekzosi. Bati jembamba la aloi ya chuma, kromi na aluminiamu, mara nyingi lenye unene wa milimita 0.05 hivi, hukunjwa mawimbi, hulazwa juu ya bati bapa, kisha yote mawili huviringwa yakawa sega lenye vijitundu vingi. Sega huingizwa kwenye silinda ya nje na kulehemiwa kwa aloi ya nikeli ndani ya tanuri la ombwe, kwenye joto la nyuzi 1,200 za Selsiasi hivi.

Shida ni joto la moshi. Sega hupata moto zaidi kuliko silinda, basi hutanuka zaidi. Likibanwa kila mahali, bati huchanika. Ndiyo maana ubunifu mwingi hapa hauhusu lehemu yenyewe, bali mahali pa kuiweka.

Sasa tuseme dai linataka sega “lililolehemiwa kwenye silinda karibu na ncha moja tu”. Hili ni dai la mfano. Mshindani analehemu mkanda katikati ya silinda na kuziacha ncha zote mbili huru. Je, amevunja hataza? Kwa maneno yenyewe ya dai, hapana: katikati si ncha, na hakuna maelezo yanayoweza kuigeuza. Lakini akiwa amelehemu penye ncha, kisha matone machache ya lehemu yakapenya hadi ncha ya pili, jibu langu hubadilika. Maelezo yanasema lengo ni kuliacha sega litanuke. Matone yasiyozuia mwendo huo hayamwokoi. Neno “tu” lisomwe kwa kazi linayofanya.

Mwenye hataza hajaishiwa hoja kuhusu ule mkanda wa katikati. Tarehe 24 Februari 1998, Mahakama ya Juu Kabisa ya Japani, katika shauri la beringi ya splaini ya gololi, ilikubali kwamba bidhaa iliyo tofauti na dai inaweza kuhesabiwa kuwa sawa nalo. Masharti ni matano: tofauti isiwe kwenye kiini cha uvumbuzi, lengo na matokeo yawe yaleyale, fundi wa fani angeweza kubuni badiliko hilo kwa urahisi wakati bidhaa ilipotengenezwa, bidhaa isiwe jambo lililokwisha kujulikana au kukisiwa kirahisi kabla ya ombi, na mwombaji asiwe ameiacha nje kwa makusudi.

La kwanza tayari ni gumu, maana mahali pa lehemu ndipo penye kiini. La mwisho nalo huweza kuua kesi. Kama maneno “karibu na ncha moja tu” yaliongezwa ili kumridhisha mkaguzi wa ombi aliyeonyesha hataza ya zamani yenye lehemu kila mahali, mwenye hataza hawezi kurudi kuomba katikati. Kwa hiyo ningefungua faili la ombi kwanza, kabla ya kukikata kibebeo cha mshindani kwa msumeno.